Nusu na Zaidi: Mjadala wa Garsen juu ya Duru ya Pili

Mtu aingiaye Garsen kwa njia ya Malindi, akapita Minjila zinapoachana barabara ya Lamu na barabara ya Hola, huingia katika nchi ambayo maji ndiyo mali yake ya kwanza na kura ndiyo ya pili. Na watu wa Tana, wakulima kwa wafugaji, wavuvi kwa wachuuzi, wamekwisha kujua tangu zamani kwamba mali hizi mbili hazitenganiki, kwani anayeishika serikali ya kaunti kule Hola ndiye aaminiwaye kuwa ameshika hatima ya ardhi, na mwenye ardhi ya ukingoni ndiye mwenye njia ya kuufikia mto. Kwa sababu hiyo nimeona insafu kwamba swali ambalo aghalabu hujadiliwa na wanasheria katika kumbi za Nairobi liulizwe hapa, mahali ambapo jibu lake lina uzito wa maisha.

Swali lenyewe ni hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 138, imemwekea rais masharti mawili: apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na tena apate angaa robo ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47, na asipopatikana wa kuyatimiza hayo, wawili walioongoza warejee mbele ya raia kabla ya siku 30 kwisha. Lakini Kifungu cha 180, kinachomhusu gavana, hakina sharti la namna hiyo: gavana ni yule aliyewazidi wenziwe, hata akiwazidi kwa kura moja, hata kura zake zikiwa ni theluthi tu ya zilizopigwa. Je, katika kaunti hii ya Tana River yenye maeneobunge matatu ya Bura, Galole na Garsen, wadi 15, na watu 315,943 kwa sensa ya mwaka 2019, wakiwamo Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya, Wamalakote, Wasanye, Wabajuni, Wagiriama na wengineo, yafaa kuendelea hivyo, au yafaa gavana naye atakiwe nusu na zaidi, na asipoipata watu warudi debeni?

Ili kuitazama kadhia hii pande zake zote nimewaketisha barazani watu wanne, ambao ni wa kubuni na kwa hiyo sikuwapa majina, ila hoja zao si za kubuni. Wa kwanza ni Mwalimu, mstaafu wa upande wa Ngao. Wa pili ni Mzee, mfugaji aliyezeekea katika njia za ng'ombe baina ya bara na delta. Wa tatu ni Mama, mchuuzi wa samaki wa Kipini. Wa nne ni Karani, kijana aliyepata kusimamia kituo cha kupigia kura na anayependa kusoma habari za chaguzi za nchi nyingine.

MWALIMU: Mimi ni mtu wa chaki, basi niruhusuni nianze kwa hesabu. Tuseme kura ni 100 na wagombea ni watatu; wa kwanza apate 38, wa pili 34, wa tatu 28. Sheria yetu humwapisha huyo wa kwanza, ilhali watu 62 wametoka majumbani mwao asubuhi wakasimama juani ili kumkataa. Mtu huyu atakapoketi Hola atajua kwamba hakuhitaji kura ya jirani hata moja. Alihitaji mambo mawili tu, nyumba yake iwe moja na nyumba ya jirani igawanyike. Kwa hiyo kazi yake kabla ya uchaguzi haikuwa kuwashawishi wasio wake, bali kuwatafutia wagombea wengi. Na somo hili taifa zima limepata kulilipia: mwaka 1992 Rais Moi alirejea Ikulu kwa kiasi cha asilimia 36 ya kura, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Odinga waligawana zilizobaki, na mwaka 1997 akarejea tena kwa asilimia 40. Ndipo waandishi wa Katiba mpya wakaweka nusu na zaidi kwa rais. Basi nauliza, dawa iliyofaa Ikulu kwa nini inyimwe Hola?

MZEE: Mwalimu, sina ugomvi na hesabu yako, nina ugomvi na kalenda yako. Uchaguzi wetu ni Jumanne ya pili ya Agosti. Ongeza hizo siku 30 unazozitamani, utafika Septemba. Wewe unajua, kwa kuwa umezaliwa kando ya mto huu, Agosti na Septemba ni wakati gani: mvua za masika zimekwisha, za vuli bado, nyasi za bara zimekauka, na mifugo ya kwetu, na ya Ijara, na ya Garissa, yote imeshuka kwenye delta kutafuta maji. Hapo ndipo kila malka huwa na maneno. Sasa wewe wataka wakati huo huo, ambapo ng'ombe wangu na mpunga wako wanatazamana, utuambie kwamba bado hatujamaliza, kwamba tumebaki wawili tu, wako na wangu, na kwamba tuna mwezi mzima wa kuhesabiana vichwa?

Msomaji asiyeijua nchi hii ni lazima aelezwe kwamba malka ni njia ya mifugo ya kuuteremkia mto, nayo hupita baina ya mashamba ya ukingoni. Na kwamba neno hilo dogo limebeba ikhtilafu ambayo hakuna serikali, ya mkoloni wala ya uhuru, iliyopata kuimaliza. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, na katika miezi iliyofuata moto ukaruka kwenda Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, mpaka Januari 2013, wakafa watu wa pande zote mbili, wakulima na wafugaji, na Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka ikaundwa kutafuta asili ya msiba ule. Uchaguzi wa kwanza wa magavana ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, makaburi yakiwa bado mabichi. Mzee anaposema kwamba anaogopa mwezi wa pili wa kampeni, haogopi kivuli.

MWALIMU: Mzee wangu, Mungu awarehemu waliokufa, wa kwako na wa kwangu. Lakini niruhusu niseme neno zito. Damu ile haikumwagika chini ya sheria ya nusu na zaidi, maana sheria hiyo haikuwako kwa gavana. Ilimwagika chini ya sheria hii unayoitetea, ya mshindi kwa wingi wowote. Na tazama tabia yake: panapotosha kumzidi mwenzio kwa kura chache, kila kaya inayokimbia kijiji chake ni kura zilizofutwa, kwa kuwa mtu aliyelala kambini Witu hapigi kura kijijini kwake. Mimi sisemi kwamba ndiyo sababu pekee ya ule msiba. Nasema kwamba sheria inayofanya kumhamisha jirani kuwe na faida kuliko kumsalimu ni sheria mbaya.

MZEE: Na ikiwa nusu ndiyo inayotakiwa, kumhamisha jirani hakutakuwa na faida?

Hapa Mwalimu alikosa jibu la haraka, nami namheshimu kwa kulikosa, kwani swali lilikuwa la haki. Sharti la nusu halimwondolei mwovu tamaa ya kupunguza idadi ya wapinzani wake. Linalofanya ni jambo dogo zaidi: humwonyesha kwamba baada ya kupunguza bado atahitaji rafiki, na rafiki huyo huenda akatoka miongoni mwa wale wale aliotaka kuwapunguza.

MZEE: Tena mimi nasema sisi tuna duru ya pili tayari, na yetu hutangulia ile ya kwanza. Wazee wa baraza letu la matadeda huketi, wazee wa gasa kwenu huketi, ukoo kwa ukoo, hupatana nani asimame na nani akae, nani ashike ugavana na nani useneta. Wagabra na wenzao kule Marsabit walifanya vivyo hivyo mwaka 2013. Warendille, Wagabra na Waburji walijifunga pamoja wakajiita REGABU, wakashinda bila kuwarudisha watu debeni mara mbili. Kura hupigwa siku moja tu, watu hulala.

MAMA: Baba, mimi nimekaa kimya kwa adabu, ila hapo niruhusu. Katika hiyo matadeda yenu nani alikaa kutoka Kipini? Katika hiyo gasa nani alikaa kutoka Ozi? Na mwanamke alikaa wapi? Mwaka 2013 wazee walipatana, na mapatano yalipokwisha, kiti cha gavana, cha seneta, cha mwakilishi wa wanawake na vya wabunge wote watatu vikaenda upande mmoja wa kaunti, ukawa upande wa pili hauna hata mlango wa kubisha. Miaka minne baadaye, mwaka 2017, gavana akatoka upande ule wa pili, na akarudi tena mwaka 2022. Mimi simlaumu yeyote aliyeshinda, kwani walishinda kwa sheria iliyokuwako. Lakini sisi tulio wachache kotekote tumekuwa kama abiria wa mashua inayobadilishwa nahodha: tunasikia makasia tu.

MZEE: Na duru ya pili itakupa nini, binti yangu? Watakuja kukununua.

MAMA: Waje. Leo hata hawaji. Wakibaki wawili, na kila mmoja ana 40 mkononi, basi 20 zilizobaki ni sisi: Wabajuni, Wagiriama, Wasanye, Wamunyoyaya, hata wavuvi waliohamia kutoka ziwani. Mgombea itambidi afike gatini, aone kwamba barafu ya samaki hutoka mbali na huyeyuka njiani, aone kwamba mto ukijaa barabara ya kutoka hapa kwenda Witu hukatika na samaki wetu huoza. Akitupa shilingi tutazila, sikatai, shida ni shida. Lakini hawezi kutupa shilingi asiuone mto.

Maneno haya ya Mama ndiyo, kwa rai yangu, hoja yenye nguvu kuliko zote zilizosemwa siku ile, wala sikuisoma katika kitabu chochote cha siasa ikielezwa kwa uwazi kama huo. Wasomi husema kwamba duru ya pili humpa mshindi uhalali. Mama asema kwamba duru ya pili humlazimisha mshindi kusafiri.

KARANI: Wazee wangu, na mimi nina langu. Msidhani sharti hili la nusu limekuwa rafiki wa wanyonge kila lilikopita. Huko Marekani, katika majimbo ya kusini, lilikuwa mara nyingi pingu ya mtu mweusi. Mwaka 1964 bunge la jimbo la Georgia liliandika sheria ya kutaka zaidi ya nusu, na wengi walielewa makusudi yake: kura za weupe zikigawanyika duru ya kwanza na mweusi akaongoza, duru ya pili weupe waungane wamwangushe. Kule North Carolina mwaka 1982, Michaux, mtu mweusi, aliongoza mchujo wa chama chake kwa kiasi cha asilimia 44, ukaitishwa mchujo wa pili akashindwa na mzungu. Ndipo mwaka 1989 jimbo hilo likalishusha sharti kutoka nusu hadi asilimia 40. Basi Mama atazame sana: watu wawili wakubwa wakigombana, mdogo hutafutwa, lakini mdogo akisimama mwenyewe akaongoza, wakubwa huweza kupatana juu yake.

MAMA: Mdogo wa kwetu hajaongoza bado, mwanangu. Siku atakapoongoza tutalia kilio hicho.

MWALIMU: Na usimalizie kisa katikati, Karani. Georgia hiyo hiyo, tarehe 5 Januari 2021, ilimpeleka Warnock, mchungaji mweusi, kwenye Seneti ya Marekani kwa duru ya pili ile ile.

KARANI: Kweli, Mwalimu. Chombo kimoja, mikono tofauti. Lakini nina jambo jingine, nalo nimeliona kwa macho yangu. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, tulirudi debeni tarehe 26 Oktoba. Haikuwa duru ya pili kwa maana ya Katiba, na upinzani uliususia. Hata hivyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuwaita watu tena baada ya wiki chache. Agosti walijitokeza karibu wanane katika kila kumi. Oktoba hawakufika hata wanne. Nilikaa kituoni na karatasi zangu nikiwatazama nzi. Ikiwa duru ya pili itapigiwa kura na nusu ya waliopiga ile ya kwanza, hiyo nusu na zaidi mnayoitafuta itakuwa nusu ya nani?

Kijana huyu alitaja pia Kongo, na ni vema nimtilie mkazo, kwa maana Kongo haiko mbali nasi na kisa chake kina mafunzo ya kutisha. Mwaka 2006 Wakongo walipiga kura tarehe 30 Julai. Rais Kabila akapata asilimia 44, mpinzani wake Bemba 20. Na baina ya duru hizo mbili, Agosti, askari wa wagombea hao wakapigana kwa silaha nzito katika mitaa ya Kinshasa. Duru ya pili, Oktoba 29, ilimpa Kabila asilimia 58. Januari 2011 Katiba ikabadilishwa, duru ya pili ikafutwa, na katika uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka huo huo Kabila akatangazwa mshindi kwa chini ya nusu. Tena uchaguzi wa 2018 ukampa Tshisekedi urais kwa asilimia 38 tu. Aliyetaka kuona sheria ikifutwa kwa kisingizio cha amani na gharama, kisha faida yake ikaingia mfukoni mwa aliyeko madarakani, na atazame pale. Tanzania nayo ililiondoa sharti la nusu kwa rais mwaka 2000. Na sisi Wakenya, tangu tuliandike sharti hilo, hatujapata kurudi debeni kwa sababu yake: mwaka 2013 mshindi alivuka mstari kwa asilimia 50.07, na mwaka 2022 kwa 50.49, hivi kwamba nchi nzima imekuwa ikipita pembeni ya mlango wa duru ya pili pasipo kuufungua.

KARANI: Iko njia ya kati. Wako watu, kama Waaustralia na Waayalandi, ambao mpiga kura wao huwapanga wagombea kwa karatasi moja: huyu wangu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Asipopatikana mwenye nusu, wa mwisho huondolewa, na kura zake huhamia kwa waliopewa namba inayofuata, mpaka mmoja avuke nusu. Siku ni moja. Hakuna Septemba, Mzee wangu.

MZEE: Mwanangu, hilo lanipendeza masikioni. Lakini mimi sijui kuandika. Leo hutia alama moja, na hata hiyo moja, macho yakinisumbua, kuna mtu wa kunishika mkono, nami huomba Mungu awe ameweka pale nilipomwambia. Ukinipa namba tatu za kuandika, yule atakayenishikia kalamu ndiye atakayepiga kura, si mimi. Na wazee kama mimi, Mwalimu atakuambia, si wachache mto huu.

Sikuweza kumpinga, wala Karani hakuweza. Utaratibu wa kura unaomtaka mtu afanye zaidi ya awezalo kwa mkono wake humkabidhi mtu huyo kwa wakala, na mawakala wa Tana, kama wa kwingineko, si malaika.

Mimi nayaandika haya nikiwa na rai yangu, wala sitaificha nyuma ya wanne hawa. Naona kwamba nusu peke yake haitatufaa, kwa kuwa kambi mbili zikijipanga, duru ya pili itakuwa sensa ya makabila iliyovikwa joho la uchaguzi. Linalotufaa ni lile sharti la pili ambalo Katiba imempa rais na watu hulisahau, la kutawanyika kwa kura: gavana wa Tana River apate nusu na zaidi, na apate tena angaa robo ya kura katika kila mojawapo ya Bura, Galole na Garsen, la sivyo warudi wawili. Karani aliniambia, na ni kweli, kwamba Katiba yenyewe huliachilia sharti hilo katika duru ya pili, ambako mwenye kura nyingi hushinda tu. Nalijua hilo. Lakini thamani ya robo ile haiko mwishoni. Iko mwanzoni, miezi sita kabla ya kura, katika kumfanya mgombea wa Madogo kule juu ahitaji kujua jina la mtaa wa Tarasaa, na mgombea wa Tarasaa ahitaji kulala usiku mmoja Bangale. Kuibadili Katiba kwa ajili hiyo ni kazi ndefu, na watakaoitwa kuibadili ni wale wale waliofaidika nayo. Sioni sababu ya kunyamaza kwa hilo.

Jua lilikuwa limeinama, na Mama alikuwa amekwisha kufunga kikapu chake ili aiwahi gari ya kuelekea Witu, Mzee aliposema neno ambalo sikulitarajia.

MZEE: Mwalimu, tuseme mmenishinda, imekuwa sheria. Mtu wenu amebaki na mtu wetu, na anaitaka kura yangu. Atakuja kuniomba wapi?

MWALIMU: Malkani.

MZEE: Wakati gani?

MWALIMU: Ng'ombe wanapokunywa, ili wote muwepo.

Mzee alikaa kitambo akichora mchangani kwa ncha ya fimbo yake, mstari mmoja wa mto na mstari mwingine wa kuuteremkia.

MZEE: Basi na aje na wewe. Na asije na askari.